Kosa la Kukaa Pamoja

Usiku mmoja wa Mfungo Sita, Juni 1511, Kha'ir Beg alikuwa ametoka kusali katika Msikiti Mtakatifu wa Makka alipoona kundi la watu wamejitenga pembeni na taa zao. Kha'ir Beg alikuwa mhtasibu, yaani ofisa wa dola ya Wamamluki wa Misri aliyekagua mizani na bei sokoni na kuchunga mwenendo wa watu. Wale waliokaa pale walikuwa kwenye maulidi. Walipomwona anakuja walizima taa, na hapo ndipo walipojiponza. Akawasogelea, akakuta chombo cha kinywaji na kikombe kinachozungushwa mkono hadi mkono, kama walevi wanavyozungushiana mvinyo. Aliuliza, akajibiwa: hii ni kahawa, mji mzima unaijua, na inauzwa mahali panapofanana na vilabu.

Kulipokucha akaitisha kikao cha makadhi na maulamaa. Chungu cha kahawa kikawekwa katikati kama mshtakiwa. Ndugu wawili matabibu, watu wa Uajemi, wakatoa ushahidi kwamba kinywaji hicho kina tabia ya ubaridi na ukavu na kinaharibu mwili. Inasimuliwa kwamba shahidi mwingine, kwa pupa ya kuungana na wakubwa, alisema kahawa inamlewesha sawasawa na mvinyo. Wakamuuliza ladha na ulevi wa mvinyo ameujulia wapi, na bwana yule akaishia kuchapwa viboko. Hata hivyo hukumu ilipita. Magunia ya buni yakachomwa moto barabarani, wauzaji wakapigwa, na barua ikapelekwa Kairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri ili aipe marufuku ile nguvu ya dola.

Jibu la Kairo ndilo linalonivutia kuliko kesi yenyewe. Sultani hakukiharamisha kinywaji. Alichokataza ni watu kukusanyika kukinywa hadharani pamoja na michezo na maovu yaliyotajwa kwenye barua. Mtu akinywa kahawa yake nyumbani kwake, hana kesi. Mwaka uliofuata Kha'ir Beg aliondolewa kazini, na Makka ikarudi kunywa. Lakini mstari ulikuwa umeshachorwa, na watawala wa miji mingine waliendelea kuupitia juu kwa karne tatu: buni haina neno, tatizo ni wanaokaa kuizunguka.

Kahawa yenyewe ilikuwa bado ngeni wakati huo. Mbuni wa arabika ni mti wa misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, na katika karne ya 15 matunda yake yalikuwa yameshavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen. Walioipa heshima huko ni masufi. Mtu anayetaka kukesha kwa dhikri anahitaji kitu cha kumfukuzia usingizi, na kahawa ilifanya kazi hiyo bila kumtoa akili. Mwandishi al-Jaziri, aliyeandika kitabu kizima cha kuitetea kahawa miaka ya 1550, ametuachia picha ya Wayemeni waliokaa kwenye mtaa wao wa Msikiti wa Azhar, Kairo. Usiku wa kuamkia Jumatatu na Ijumaa walikusanyika. Kahawa ilikaa kwenye chombo kikubwa cha udongo mwekundu. Kiongozi wao akiichota kwa kata ndogo na kuipitisha kuanzia kulia, huku wote wakileta dhikri kwa sauti moja. Waliohudhuria tu, hata wasio masufi, walipewa sehemu yao.

Kutoka hapo hadi dukani ni hatua fupi. Kabla ya kahawa, Mwislamu wa mjini aliyetaka kutoka nyumbani baada ya Isha alikuwa na mahali pachache pa kwenda. Msikiti si mahali pa soga. Hamamu ina shughuli yake. Kilabu cha pombe ni aibu ya familia. Nyumba za wengi zilikuwa ndogo, na kumkaribisha mgeni ndani maana yake ni kuwahangaisha wanawake wa nyumba na kuchinja kuku usiyekuwa naye. Nyumba ya kahawa ilimtatulia mambo yote hayo kwa bei ya kikombe kimoja. Kahawa inanywewa moto, kwa funda ndogondogo, nayo haimalizwi kwa haraka. Kwa hiyo mtu ana haki ya kukaa. Usiku ukapata wenyewe, na katika mwezi wa Ramadhani usiku huo ulifika hadi daku.

Upinzani haukuisha. Mwaka 1534 huko Kairo mhubiri mmoja aliwachochea waumini, wakatoka msikitini moja kwa moja kwenda kuvunja nyumba za kahawa na kuwapiga waliokuwamo. Kesi ikafika kwa kadhi Muhammad ibn Ilyas. Huyu hakutafuta matabibu wala mashahidi. Aliagiza kahawa ipikwe nyumbani kwake, akawanywesha watu kadhaa, kisha akakaa nao sehemu kubwa ya siku akizungumza nao na kuwatazama kama kuna atakayepepesuka au kuropoka. Hakuna aliyelewa. Akaihalalisha. Katika wote walioamua juu ya kahawa karne ile, huyu ndiye ambaye ningependa kukaa naye baraza moja.

Istanbul ilifunguliwa mlango na Wasyria wawili. Mwanahistoria Peçevi anasema ilikuwa mwaka 962 Hijria, yaani 1554 au 1555, ambapo Hakem wa Aleppo na Shams wa Damascus walifungua maduka makubwa ya kahawa mtaa wa Tahtakale, karibu na bandari. Wateja wao wa kwanza walikuwa watu waliosoma. Kuna waliofungua vitabu, kuna waliocheza sataranji, kuna washairi walioleta tungo mpya zipimwe na masikio ya wenzao. Makadhi waliosubiri kupangiwa vituo na walimu wasio na kazi walikuta mahali pa kusubiria. Baada ya muda maimamu walianza kulalamika kwamba misikiti inapwaya na kahawani hapana pa kukaa.

Mwaka 1633 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya jiji. Sultani Murad IV, kijana wa miaka 21 ambaye alikwisha kuonja maasi ya askari wake mwenyewe, akatumia msiba huo kufunga nyumba za kahawa zote na kupiga marufuku tumbaku. Watu waliuawa kwa kosa la kuvuta. Yeye mwenyewe alizoea kutembea mjini amejibadili nguo, akinusa nani anasema nini. Alijua alichokuwa akikitafuta. Nyumba za kahawa zilikuwa zimekuwa vituo vya askari wa Janisari, wengine wakiwa ndio wenye maduka, na maneno ya kumpindua mtawala yalihitaji mahali pa kuivia. Janisari walipovunjwa mwaka 1826 kwa amri ya Mahmud II, nyumba zao za kahawa zilivunjwa pamoja nao.

Baadaye serikali hiyohiyo ilibadili mbinu. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 ilituma watu kukaa kahawani, kwa vinyozi na sokoni, wasikilize na kuandika. Ripoti zao zimehifadhiwa: fulani, kazi yake hii, alisema hivi juu ya kodi, fulani alisema hivi juu ya Misri. Ajabu ni kwamba wengi wa waliotajwa hawakukamatwa. Dola ilikuwa inataka kujua watu wanafikiri nini, na ikagundua kwamba jibu linapatikana kwa bei ya kikombe. Nadhani Murad angeliona jambo hili kuwa udhaifu. Mimi naona ndipo dola ya Uthmaniya ilipoanza kuwa ya kisasa.

Edward Lane, Mwingereza aliyeishi Kairo miaka ya 1820 na 1830, alihesabu nyumba za kahawa za mji huo kuwa zaidi ya 1,000. Nyingi zilikuwa vyumba vidogo vyenye baraza la mawe au matofali mbele, limetandikwa mkeka. Jioni msimulizi alikaa juu ya kigoda kilichoinuliwa kwenye baraza hilo na kuanza kisa cha Abu Zayd wa Bani Hilal, akikikata pale utamu ulipofika ili watu warudi kesho. Mwenye duka alimpa kidogo, wasikilizaji wakamtunza kwa hiari yao. Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa baraza hilo linafananaje.

Ulaya iliipokea nyumba ya kahawa kutoka Uthmaniya, tena kupitia kwa mtumishi. Daniel Edwards, mfanyabiashara wa London aliyekuwa akifanya kazi Smyrna, alirudi kwao na Pasqua Rosée, kijana mwenye asili ya Ugiriki aliyejua kupika kahawa. Wageni wakajazana nyumbani kwa Edwards kila siku kwa ajili ya kinywaji hicho mpaka akachoka. Mwaka 1652 Rosée akawekewa kibanda kwenye uchochoro wa St Michael, mtaa wa Cornhill. Wenye vilabu vya bia walipoona wateja wanapungua walilalamika kwamba mgeni huyu hana haki ya kufanya biashara mjini, na suluhisho likawa kumpa mshirika Mwingereza, aliyekuwa dereva wa gari la farasi la mkwewe Edwards. Kwa peni moja mteja alipata kikombe, kiti, moto wa kuota na gazeti la kusoma. Mwenye cheo aliyechelewa hakuinukiwa. Alikaa penye nafasi, karibu na yeyote.

Mfalme Charles II, ambaye baba yake alikatwa kichwa mwaka 1649, hakupenda mikao hiyo. Tarehe 29 Desemba 1675 alitoa tangazo kwamba kuanzia tarehe 10 Januari nyumba za kahawa zote zifungwe, kwa kuwa watu wavivu wanakutana humo na kueneza habari za uongo dhidi ya serikali. Waliokuja juu hawakuwa wapinzani wake peke yao. Wafanyabiashara, wanasheria na hata watu wa jumba lake walikuwa na viti vyao humo. Tarehe 8 Januari, siku mbili kabla ya amri kuanza kazi, mfalme aliifuta. Kha'ir Beg alishindwa na bosi wake. Charles alishindwa na wateja.

Lakini kukaa kahawani London hakukuzaa porojo za siasa tu. Edward Lloyd alikuwa na nyumba ya kahawa mtaa wa Tower mwishoni mwa miaka ya 1680, akahamia mtaa wa Lombard mwaka 1691. Manahodha na wenye meli walikutana kwake kwa sababu habari za bandari zilifika hapo mapema. Mtu mwenye shehena alipitisha karatasi mezani, na kila aliyekuwa tayari kubeba sehemu ya hasara aliandika jina lake na kiasi chake. Hapo ndipo ilipozaliwa Lloyd's, soko la bima linalojulikana hadi leo. Meli zilizokuwa zikikatiwa bima ni pamoja na zile zilizobeba Waafrika waliofungwa minyororo kuvuka Atlantiki. Lloyd's iliomba radhi kwa hilo mwaka 2020.

Hapa historia tamu ya nyumba ya kahawa inaanza kuwa chungu. Tumezoea kusikia mikao ya London na Paris ikisifiwa: hapa ilizaliwa bima, pale ilizaliwa hoja ya uhuru, na ni kweli kwamba tarehe 12 Julai 1789 Camille Desmoulins alipanda juu ya meza ya mkahawa wa Foy, Palais-Royal, akawaita Waparisi washike silaha. Je, kahawa iliyokuwa juu ya meza hiyo ilitoka wapi? Kwa muda mrefu Ulaya ilinunua buni za Yemen kupitia bandari ya Mokha. Kisha Waholanzi wakapata miche na kuiotesha Java. Mwaka 1714 Amsterdam ikampa Louis XIV mbuni mmoja wa zawadi. Mwaka mmoja baadaye Wafaransa walipeleka miche ya Yemen moja kwa moja kwenye kisiwa chao cha Bourbon, kinachoitwa leo Réunion. Kufika miaka ya 1780 koloni moja tu la Wafaransa, Saint-Domingue katika Karibi, lilikuwa likitoa karibu nusu ya kahawa ya dunia, na waliolima, kuchuma na kukausha walikuwa watumwa. Mwaka 1791 waliasi, na nchi yao inaitwa Haiti.

Kisiwa cha Bourbon kinatugusa kwa karibu zaidi. Mashamba yake na ya jirani yake, Île de France ambayo sasa ni Mauritius, yalitaka watu wa kufanya kazi, na watu walitafutwa Madagaska, Msumbiji na kwenye pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20. Miongoni mwa watu wa bara walioshushwa Kilwa na kupakiwa huko, kuna waliokwenda kuchuma kahawa ambayo wao wasingekaa kuinywa. Sultani alikuwa na baraza lake, wanunuzi walikuwa na mikahawa yao.

Mbuni huo ukarudi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja kutoka Réunion mwaka 1863, wakaanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, mahali ambapo watumwa waliokombolewa walipewa makazi na jembe. Walileta miche ya Bourbon. Pwani haikuifaa sana, lakini mbegu ilipanda milima pamoja nao: Morogoro, kisha Kilema kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kisha mwaka 1893 Bura katika milima ya Taita, na kutoka hapo hadi viunga vya Nairobi. Wachagga waliichukua na kuifanya mali yao. Walowezi wa Kizungu walipodai Mwafrika asiruhusiwe kulima kahawa, wakulima wa Kilimanjaro walijiunga katika chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika uliojenga shule na kuwapa watu wa mlimani sauti. Nchini Kenya mkulima Mwafrika alizuiwa hadi miaka ya 1930, akafunguliwa mlango kwa kipimo.

Yote hayo yalipita pembeni mwa Wahaya, ambao walikuwa na kahawa yao ya robusta kabla ya padre yeyote. Hawakuinywa. Walichemsha matunda yangali mabichi pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayaanika, wakayatafuna. Mgeni akifika hupewa buni kabla ya kuulizwa shida yake, na watu wawili waliochanjiana undugu waligawana buni za tunda moja. Kule Kagera kikao kilikuwapo, kikombe hakikuwapo.

Pwani nayo ilifanya lake. Nyumba ya kahawa yenye kuta, meza na mwenye duka haikuota mizizi sana Mombasa, Lamu au Unguja, kwa sababu haikuhitajika: nyumba za mawe zilikuwa tayari zina mabaraza mbele ya milango. Mji ulikuwa na viti, kilichobaki ni kahawa kuwafuata waliokaa. Ndiyo maana kwetu mwenye kahawa ndiye atembeaye. Mkono mmoja ameshika dele lenye mdomo mrefu na makaa chini yake, mkono wa pili vikombe vidogo visivyo na masikio, anavigonganisha kwa vidole mpaka mlio unamtangulia mtaani. Ndoo ya maji ya kusuuzia iko karibu. Hakuna sukari. Kahawa ni chungu, pengine imetiwa tangawizi au iliki, na utamu uko kwenye kashata ya karanga au, penye mambo makubwa, haluwa. Mzanzibari aliyehamia Muscat baada ya Mapinduzi ya 1964 hakuwa na cha kujifunza hapo. Waomani walimkaribisha kwa dele lilelile na haluwa ileile.

Barazani kuna adabu zake. Anayefika hutoa salamu kwa wote, wazee husogezewa nafasi, na anayelipa hulipia wenzake bila kutangaza. Kuna bao, karata au dhumna, na kuna hoja. Mtafiti Kai Kresse, aliyekaa kwenye mabaraza ya Mji wa Kale wa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1990, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2007 akionyesha kwamba mabishano hayo ya baada ya Magharibi ni falsafa ya kweli, inayofanywa na mafundi, walimu na wastaafu. Wenyewe wangemwambia ni mazungumzo tu.

Unguja ndiyo iliyoonyesha wazi kwamba hofu ya Kha'ir Beg haijafa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, baraza liligeuka kituo. Jaws Corner, penye njia panda katika Mji Mkongwe, pakajulikana kuwa kwa wafuasi wa chama cha CUF, na kiongozi wao Maalim Seif alipohamia ACT-Wazalendo mwaka 2019 watu wakahama naye. Kule Michenzani, Maskani ya Kisonge ya CCM iliweka ubao wake na kuandika vijembe ambavyo mji mzima ulisimama kuvisoma. Mjini Dar es Salaam, ambako hakuna mabaraza ya mawe, watu waliweka benchi chini ya mwembe na kuiita kijiwe, na mgombea asiyepita vijiweni kipindi cha kampeni anajitakia.

Katika yote haya kuna kundi ambalo halikukaa. Makka, Istanbul na Kairo wateja walikuwa wanaume. London, wanawake waliziendesha baadhi ya nyumba hizo na kuhudumia, lakini hawakuketi kujadili. Mwaka 1674 kilichapishwa kijitabu cha mzaha, kikijidai kimeandikwa na wake wa mji, kikilalamika kwamba kahawa imewakausha waume zao. Pwani, mke akipita mbele ya baraza anaharakisha mwendo. Wanawake wana vikao vyao, shughulini na uani, na habari nyingi huwafikia kabla ya kufika nje. Ila buni zinazonywewa barazani mara nyingi zimekaangwa na kutwangwa na wao, na kashata zimekatwa na wao jikoni tangu mchana, kisha mtoto akatumwa azipeleke kwa mwenye dele.